Miaka Tuliyopindua Sauti

Juzi nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja hapa Ntinda, kijana mwenye mikono mizuri, nikamwuliza: hizi meseji ambazo husemekana hakuna mtu wa katikati anayeweza kuzisoma, zinafichwaje? Akanijibu bila kuinua macho, kama anayemjibu bibi yake, "Jjajja, hiyo inajifanya yenyewe." Nilicheka mpaka nikaomba kiti. Inajifanya yenyewe! Mimi nilianza kazi ya kuficha maneno wakati ilipokuwa ikifanywa kwa lehemu, bisibisi na sala fupi. Basi nyinyi mafundi wa simu, na nyinyi mnaofikiria kuwa mafundi, nipeni saa moja niwaeleze tulivyoifanya, na kwa nini hadi leo redio ikikwaruza nywele za mikono hunisimama.

Naitwa Zaituni. Nilizaliwa kambi ya polisi, baba askari kutoka Arua, mama Mkatoliki aliyekataa katakata kubadili dini na bado akatupikia futari kila Ramadhani. Kiswahili cha nyumbani kilikuwa cha kambini, kile cha "wewe nakwenda wapi". Hiki ninachoandika nilikipata baadaye vitabuni. Niliajiriwa kupokea simu, kisha nikahamishiwa karakana ya redio ya jeshi kwa sababu moja tu: vidole vyangu vilikuwa vyembamba, vikiingia mahali ambapo vya wanaume vilikwama. Msiwadharau wanaoanza kazi kwa sababu ndogo.

Aliyenipokea alikuwa Sajini Ojara, fundi mkuu, Mwacholi mrefu mwenye sauti ya chini, Mungu amrehemu. Wakati ule wa serikali ya kijeshi, kuwa Mwacholi ndani ya sare kulikuwa hatari tupu. Wenzake wengi walikuwa wameitwa nje ya mistari ya gwaride wasirudi. Yeye aliachwa kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyezijua zile redio, na hakujidanganya kwamba hali hiyo ingedumu milele. Alikuwa mjane. Alikaa kambini na binti yake Aber, wa miaka tisa, ambaye baba mtu alimsuka nywele mwenyewe kila Jumapili, vibaya sana, na mtoto akatoka nje kwa fahari.

Somo lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: lehemu ikishaingia, usitikise mkono. Hesabu hadi tano ndipo upumue. Kiungo kikitikiswa kabla hakijapoa huwa cha kijivu, na kiungo cha kijivu kitakusaliti siku ya mvua barabarani, si mezani. Nimefundisha watu wengi tangu hapo, na wote huona hesabu ya tano ni ndefu.

Siku moja Kapteni mmoja wa mawasiliano alikuja na katoni. Jina lake sitaliandika. Alikuwa kijana, msafi, mwenye kucheka haraka. Ndani ya katoni kulikuwa na vibao vidogo vya saketi vilivyofungwa kwa karatasi ya nta, vikiwa vimetoka ng'ambo. Sisi tuliviita skramba. "Hii kitu," alisema Kapteni, "nyinyi nafunga kwa redio zote za zamani. Mtu ya mji akisikiliza sisi, anasikia ndege tu."

Ojara alikifungua kimoja akakitazama kwa muda mrefu. Transfoma mbili za ukubwa wa njugu, dayodi nne zilizopangwa duara, transista chache. Akaniita. "Zaituni, tazama. Watu iko na akili duniani." Kisha akanieleza. Sauti ya mtu ina sehemu nene na sehemu nyembamba. Kile kibao huzigeuza: nene inakuwa nyembamba, nyembamba inakuwa nene, kama unavyogeuza shati ndani nje. Redio ya pili nayo ina kibao kama hicho, inaligeuza shati tena, na sauti inarudi ilivyokuwa. Asiye na kibao husikia shati limegeuzwa.

Tulipofunga redio mbili za kwanza, Ojara akaingia ndani ya gari uani, mimi nikabaki mezani na redio ya kawaida. Akabonyeza kitufe na kusema maneno yetu ya kila siku: "Hallo, hallo, hapa Ojara, moja mbili tatu." Nilichokisikia sikuwahi kukisikia. Kulikuwa na mlio wa kwenye pua, wa kuzomea na kulialia, bila neno hata moja, na bado ulijulikana ni wa mtu. Kisha nikageukia redio yenye skramba. "Hallo, hallo, hapa Ojara." Safi kabisa. Niliogopa, nikafurahi, nikaogopa tena. Sijui kama nyinyi mnaolala na maajabu hayo mfukoni mnaweza kunielewa.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi, maana redio zilikuwa za zamani, nyingine za valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti, na waliozitengeneza hawakuota kwamba kuna siku mtu angeziongezea kitu. Upande wa kutuma unakata waya baada ya kikuza sauti cha maiki, unaingiza kibao hapo. Upande wa kupokea unaingia kabla ya kirungu cha kuongezea sauti, usije ukategemea dereva amefungulia kiasi gani. Kibao ni kimoja kwa kazi zote mbili, kwa hiyo unaweka rilei, swichi ndogo ya umeme inayoruka mtu akibonyeza kitufe. Na kila waya unaoingia uupitishe kwenye kapasita, kwa sababu redio ya valvu ina umeme ndani unaoweza kuua kibao na kukuua wewe.

Mimi sikuua mtu ila niliua kibao. Magari mapya yalikuwa na hasi ya betri kwenye chuma cha gari. Baadhi ya yale ya zamani yalikuwa kinyume, chanya ndiyo iliyofungwa kwenye chuma. Ojara alinionya mara tatu. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nilifunga kibao changu cha nne kwa haraka, nikawasha, nikaona moshi mwembamba wenye harufu ya samaki aliyeungua. Nilikaa chini uani. Siku hizo kuunguza mali ya jeshi hakukuitwa kosa, kuliitwa hujuma, na wahujumu hawakupewa barua ya onyo.

Ojara hakunigombeza. Alinituma Kikuubo, kwenye vichochoro vya maduka mjini, kwa Papa Kasongo, Mkongomani wa Bunia aliyeuza vipuri kwenye kachumba ambamo ukigeuka unagonga kitu. Baada ya Wahindi kufukuzwa maduka yalikuwa matupu, na ukitaka hata fyuzi ulimwendea yeye. Aliisoma namba kwenye transista yangu iliyoungua, akatikisa kichwa, kisha akaifungua redio yake mwenyewe, ile ya kusikilizia muziki, akachomoa transista inayofanana na hiyo. "Chukua, mama," akasema. "Miye nitaimba mwenyewe." Kibao kilipona. Kapteni hakujua kamwe, na mimi tangu siku hiyo hupima chanya na hasi kabla ya kusalimia gari.

Kulikuwa na vichekesho pia. Koplo mmoja, dereva wa Kapteni, aliamini kwamba mashine inachoka kugeuza maneno, akaamua kuisaidia kwa kuongea kinyumenyume. Siku mbili makao makuu hawakuelewa lolote kutoka kwenye gari lake, na sisi tulilifungua mara tatu kutafuta ubovu. Ojara alipogundua alicheka kimyakimya huku machozi yakimtoka, kisha akamwambia kwa heshima zote, "Koplo, wewe sema ya kawaida. Iachie mashine taabu yake."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kile kibao kilikuwa na skrubu ndogo ya kusawazisha zile dayodi nne. Isipokaa sawa, sauti ya kweli huvuja chini ya ile iliyogeuzwa, na msikilizaji wa nje hupata neno hapa na neno pale. Kwa hiyo tuliacha mezani redio moja isiyo na skramba, ikiwa wazi kutwa nzima, kusikiliza kama kuna kinachovuja. Kikivuja, tuliliita gari lirudi. Yaani tulilipwa mshahara kusikiliza kutwa nzima, tuhakikishe kwamba hatuelewi.

Tulisikiliza kwa majuma, halafu miezi. Mimi nilizoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele. Ojara hakuzoea, alisikiliza.

Asubuhi moja alikuwa analehemu, redio ile ikilia ndege zake, na mkono wake ukasimama hewani. Akaweka chuma chini. "Zaituni," akasema polepole, "nenda Kikuubo sasa hivi. Mwambie Papa Kasongo afunge duka, aende kwao. Saa nane wanakuja kuchukua yeye. Wanasema magendo."

"Nani amekuambia, Afande?"

Akaionyesha redio kwa kidevu. Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Hakucheka. Nikaitazama ile redio, nikamtazama yeye.

"Kila siku sisi nasema hallo, moja, mbili, tatu," aliniambia. "Kwanza nilijua hallo. Halafu namba. Halafu nikajua kumbe mwendo haugeuki. Sauti ndiyo inageuka, mwendo wa neno iko palepale. Mtu akisema Kiswahili anakanyaga karibu na mwisho, hata mashine haiwezi kuficha." Alikuwa anaomba radhi kwa sauti yake, kana kwamba ameiba kitu. "Sikutaka kujua. Masikio yalijifunza yenyewe."

Vijana, nimeona mitambo mingi tangu siku hiyo, na hakuna ulionishangaza kama kichwa cha mtu yule. Watu wenye shule walikuwa wamekaa ng'ambo na kutengeneza kifaa cha kumziba binadamu masikio, na Sajini wa darasa la saba akakivua shati kwa masikio matupu, bila kukusudia.

Nilikwenda Kikuubo kwa mwendo wa mtu anayekwenda kununua kapasita. Nilimwambia Papa Kasongo maneno machache huku nikichagua vipuri. Hakuuliza nimejuaje. "Aksanti, mama. Niko natoka," akasema, akachukua koti, akaniachia hata chenji. Saa nane walipofika walikuta kufuli.

Siku tatu baadaye Kapteni alikuja karakana na Koplo wake. Alikuwa anacheka kama kawaida yake. Alisema redio ya gari lake ina mkwaruzo, tuitazame. Akataka kujua pia hii redio ya mezani ni ya nini. Ojara akamweleza: ya kusikilizia uvujaji. "Na inavuja?" "Hapana, Afande. Tangu juma lililopita hakuna." Kapteni akaikagua nyuma na mbele, akitafuta kibao kilichofichwa. Hakukuwa na kibao. Akamwambia Koplo asimame pale mezani, atutazame sisi, si redio. "Mimi naenda kwa gari, napima," akasema, akatoka.

Nilijua ni mtihani, na nilijua wa nani. Mimi sikuwa na hofu na uso wangu, kwa maana masikio yangu hayakuelewa neno kwenye redio ile. Niliendelea kumenya waya.

Redio ikalia. Hallo, hallo. Hayo hata mimi niliyatambua, nani asingeyatambua baada ya miezi hiyo yote? Kisha likaja neno ambalo nilikuwa nimelisikia likigeuzwa mara elfu, kila siku Ojara akijaribu redio: jina lake mwenyewe. Na baada ya jina lile, wallahi sijui niwaeleze vipi, mlango ukafunguka kichwani mwangu. Sikuufungua mimi. Yale makelele yakawa maneno, neno kwa neno, yakitembea kwa mwendo wa Kiswahili cha kambini:

"Ojara. Mtoto yako Aber, sisi nachukua yeye leo asubuhi shuleni. Iko ndani ya buti ya gari."

Nikainama chini ya meza kutafuta skrubu ambayo haikuwa imeanguka. Kutoka kule chini nilikuwa naviona viatu vya Koplo, na naiona mikono ya Ojara ukingoni mwa meza. Mkono mmoja ulishika waya, mwingine chuma cha lehemu. Lehemu ikaingia kwenye kiungo. Mkono haukutikisika. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akapumua.

"Zaituni," akasema juu yangu, kwa sauti ileile ya kila siku, "ukipata hiyo skrubu, nipe koleo. Na wewe Koplo, mwambie Kapteni hakuna inayovuja. Ndege tupu."

Kapteni alirudi, akanong'ona na Koplo. Kisha akasema atamwacha Koplo asubiri mpaka redio ya gari itengenezwe, akaondoka kwa gari jingine. Gari lake likabaki uani, buti lile la nyuma la mizigo limefungwa. Ilikuwa saa sita mchana, na kazi ilikuwa inaisha saa kumi na moja.

Mnaelewa alichokuwa amewekewa? Akilikimbilia lile buti, ameelewa. Akiuliza ruhusa aende shuleni, ameelewa. Akikosea kuunga waya, akigugumia, akikataa chai, ameelewa, na hapo yeye anakufa, na mimi, na pengine na mtoto pia. Njia pekee ya kumsaidia binti yake, kama bado yupo wa kusaidiwa, ilikuwa kukaa pale na kutengeneza mkwaruzo.

Akautengeneza. Aliitoa redio garini, akiwa hatua mbili kutoka kwenye buti lile, akaileta mezani akifuata mpango wake, kwanza umeme, kisha maiki, kisha waya wa antena. Alimwomba Koplo amshikie tochi. Alimkumbusha siku zile za kuongea kinyumenyume, na Koplo, ambaye sidhani alijua Kapteni amesema nini, akacheka na kujipiga paja. Ojara akacheka naye. Alikunywa chai yake yote. Mimi nilimpitishia vyombo nikiwa nimeuma ulimi, na nilimwogopa. Nasema kweli, nilimwogopa mtu yule kuliko Kapteni, kwa sababu sikujua kwamba binadamu anaweza kuwa na nguvu hizo ndani yake na bado akaomba sukari. Wala sikuweza kumwonyesha kwa jicho kwamba nami nimesikia. Jicho moja tu Koplo angeliona.

Ubovu ulikuwa waya wa antena uliolegea. Aliufunga, akausafisha, akajaribu. Saa kumi na moja kasoro Koplo alifungua buti ili arudishe sanduku lake la spana. Ndani kulikuwa na gurudumu la akiba na gunia tupu. Ojara alilitazama gunia lile, akampa Koplo mkono wa kwaheri. Lakini buti tupu si jibu. Mtoto aliyechukuliwa asubuhi angeweza kuwa popote kufikia jioni.

Tulipanda kwa miguu kuelekea kambini pamoja, kwa mwendo wetu wa kila siku. Njia ile ilikuwa na macho. Alisalimia kila aliyezoea kumsalimia. Kwa mwanamke wa mboga alisimama, akachagua mchicha, akalalamika kwamba mafungu yamepungua, kwa sababu ndivyo alivyofanya kila Alhamisi. Mimi nilitaka kupiga kelele. Nyumba zao zilikuwa za safu, bomba la maji mwishoni. Tukapinda kona.

Aber alikuwa bombani, anafua soksi za shule.

"Baba, umerudi," akasema, akapiga goti na mikono imejaa povu. "Leo umechelewa. Anti Zaituni, shikamoo."

Ojara akamwitikia. Akamwuliza habari za shule. Akamwuliza nani alimrudisha, naye akasema ametembea na wenzake, na kwamba mwalimu wa hesabu hakuja. Baba mtu akasema, "Vizuri," akatua mchicha juu ya jiwe, kwa uangalifu, kana kwamba ni kitu cha kuvunjika.

Mimi ndiye niliyeshindwa. Nilifungua mdomo kuitikia shikamoo ya mtoto, kikatoka kilio. Nililia kwa sauti mbele ya majirani, nikashika ukuta, nikashindwa kujizuia.

Ojara akageuka akanitazama. Niliona anapiga hesabu: hakuna aliyeniambia kitu, na Koplo hakusema lolote. Basi kuna njia moja tu ya mimi kujua cha kulilia. Uso ule uliostahimili mchana kutwa ukavunjika hapo, kwa ajili yangu.

"Kumbe na wewe," akasema. "Tangu lini?"

"Leo, Afande."

Akanisogelea, akaniziba masikio yote mawili kwa viganja vyake, viganja vyenye harufu ya lehemu, na sasa ndipo vilipotetemeka, vikatetemeka mpaka kichwa changu kikatikisika pamoja navyo. Tukasimama hivyo. Sauti ya Aber niliisikia kwa mbali.

"Baba, Anti anaumwa masikio?"

"Ndiyo, mama," akamjibu. "Mletee maji."